Sakafu Niliyoing'arisha

Viatu vya magurudumu vililetwa na mjomba kutoka Dubai. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi. Vilimpwaya, akajaza pamba mbele na kuanza kuzunguka darini kwetu, mtaa wa Kuze, katikati ya kamba za nguo. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na tangu hapo nimebobea katika kukaa nyumbani. Nilisimama mlangoni na kikombe cha chai, nikimfundisha nisichokijua.

Baada ya miaka mitatu hakuna aliyekuwa akimcheka ila mimi. Wasichana wengine wa klabu yake waliteleza kama wanaokimbizwa. Yeye alikwenda na muziki. Mabega aliyachukua kwa wanawake wa harusini, na mguu ukisha kusimama, mkono ulikuwa bado una la kusema. Mwaka huo mashindano ya Pwani ya kuteleza kwa viatu hivyo yalifanyika katika ukumbi mmoja wa Tudor. Wawili wa kwanza wangekwenda Nairobi.

Mwalimu wao aliomba kila nyumba itoe mtu wa kusafisha ukumbi siku moja kabla. Kwetu nilitolewa mimi, kwa kukosa udhuru.

"Fagieni tu," alisema.

Sasa wageni waja, majaji watoka mbali, nami nifagie tu? Wenzangu walipoondoka nilibaki na kopo la nta nyekundu na kumbi la nazi, nikasugua hadi nikauona uso wangu chini. Nilirudi nyumbani nikijisifu njia nzima.

Asubuhi, msichana wa kwanza alianguka muziki ukianza tu. Wa pili, mkaazi wa hapo Tudor aliyekuwa akiogopwa na wote, alianguka mara mbili. Mdogo wangu aligusa sakafu kwa kidole, akakinusa, kisha akanitazama. Ilikuwa nta ile ile ya sebuleni kwetu.

Zamu yake ilipofika hakuruka hata mara moja. Alikwenda taratibu, mikono ikifanya kazi yote, na hakuanguka. Akawa anaongoza. Nilipiga makofi kumshinda mama.

Mdogo wangu akanijia. "Dada, umepaka nini hapa?"

"Nimepapendezesha kidogo."

"Kamwambie mwalimu."

"Una wazimu? Si unaongoza?"

"Naongoza watu walioangushwa na wewe. Utasema mwenyewe, ama nikuseme?"

Nikaenda. Mwalimu alinisikiliza mikono kiunoni. "Mwanangu, hii ni sakafu au sinia la harusi?"

Majaji walikubali wasichana wote warudie. Nikapewa brashi, mafuta ya taa, maji moto na sabuni, na wasichana wakaketi kwenye benchi kunisimamia.

"Hapo bado, dada. Na pale pembeni. Kwani kwenu wageni hawapewi chai, hupakiwa nta tu?"

Alasiri yule wa Tudor aliteleza bila kosa. Mdogo wangu sasa ilimbidi aruke. Aliondoka pembe ya mbali, akaruka, akajizungusha hewani na kutua, lakini mguu uliyumba na mkono ukagusa chini. Akawa wa tatu.

Watu walipokuwa wakitoka, alirudi katikati ya ukumbi akaurudia mruko ule. Mara ya nne alitua sawasawa. Aliendelea hadi mlinzi alipokuja na funguo, nami sikumharakisha. Nairobi alikwenda mwaka uliofuata.