Mabeki wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa kocha wa mabeki katika chuo kimoja cha ufundi hapa Karagwe, na watu wengi hawakujua kwamba kuna kazi ya namna hiyo. Walimjua kocha mkuu, yule anayepigwa picha na washambuliaji. Mdogo wangu alisimama upande wa uwanja usiotazamwa na mtu, pamoja na mabeki wake wanne na rundo la magamba makavu ya mgomba.

Mimi ni mwinjilisti mstaafu. Chuo kiliniomba niwe mlezi wa timu, maana yake niombe nao kabla ya mechi na kuwatuliza wakishindwa. Mpira wenyewe siujui sana. Lakini jioni nilipenda kukaa kando ya uwanja nikimtazama mdogo wangu akifundisha.

Aliwachanisha mabeki magamba yale, wakasuka kamba nyembamba kwa mikono yao, kisha akawafunga kiunoni, mmoja kwa mwenzake, wakawa mstari mmoja. Hapo ndipo alipoanza kuwapigia mipira. Walitakiwa kupanda pamoja, kushuka pamoja, kusogea kushoto na kulia wakiwa wamefungwa hivyo. Kamba yenyewe ni dhaifu, inatosha kufungia maharage yanapotoka shambani. Beki akiukimbilia mpira peke yake, au akizubaa wenzake wakamwacha, inakatika. Aliyeikata alikwenda kwenye migomba nyuma ya karakana akasuke nyingine, na wenzake wakamsubiri wamesimama.

"Nenda ukasuke," alisema mdogo wangu. Hakuwa na hotuba zaidi ya hiyo.

Washambuliaji walimtania sana. "Mwalimu, leo mbuzi wako hawaendi malishoni?" aliuliza mmoja wao, kijana mtanashati kutoka Bukoba.

"Hawa mbuzi wakitulia," alimjibu, "wewe utapata nafasi ya kuchana nywele mpaka filimbi ya mwisho."

Siku moja nilimuuliza kwa nini asinunue kamba imara dukani, maana hii ilikuwa ikimpotezea muda. Alicheka. "Kaka, wewe baki na Zaburi zako, mimi niachie mabeki."

Siku ya mechi kamba zilibaki chuoni. Vijana waliingia uwanjani wakacheza kana kwamba bado wamefungwa. Mmoja akipiga hatua, wote wanne wamepiga. Washambuliaji wa wageni waliwazunguka wakitafuta upenyo mpaka wakachoka. Baadaye watu walimpongeza aliyefunga bao, na mdogo wangu alikuwa mmoja wa waliompongeza.

Mvua za masika zilipoanza, alianguka karakanani. Ilikuwa kiharusi. Aliporudi kutoka hospitali, upande wa kulia ulikuwa haumtii tena, na maneno yote yalikuwa yamekwenda. Ilibaki sauti moja tu: "Ba." Nimekaa na wagonjwa wengi katika utumishi wangu, na najua maneno ya kumwambia mtu aliyelala kitandani. Pale kwa mdogo wangu yalinikauka. Nilimshika mkono nikamshukuru Mungu kwamba yu hai.

Mkuu wa chuo alikuja kumjulia hali. Ni kijana kwangu, na ana adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Aliniita nje, akasema polepole. Mwalimu aletwe uwanjani, akae kwenye kiti vijana wamwone. Kama mabeki watasimama imara kwenye mechi ya ugenini kule Kaisho, atabaki kuwa kocha wao, hata kama ni wa kukaa tu, na kupona kutakuja taratibu. Wasiposimama, chuo kitalazimika kutafuta mtu mwingine. Sikumlaumu. Nilipomweleza mdogo wangu, alinibana vidole kwa mkono wake wa kushoto mpaka vikauma. Jioni ile alimaliza uji wote. "Shemeji," mke wake aliniambia, "tangu aanguke sijamwona akila hivi."

Mabeki walimpenda. Kwa mapenzi hayohayo walijichangia wakanunua kamba ya manila, nene na ya buluu, wakajifunga nayo mbele ya kiti chake. Nahodha wao alipiga goti.

"Mwalimu, hii haikatiki. Mpaka utakapopona, hakuna atakayemwacha mwenzake."

Mdogo wangu alitazama ile kamba, akaanza kupiga mkono wa kiti. "Ba. Ba. Ba." Nilimpa maji, akayasukuma. Nilidhani jua linamsumbua, nikamsogeza kivulini. Nikamfunika koti langu, akalitupa chini. Machozi yakamtoka.

"Mwalimu amefurahi," niliwaambia vijana, nao wakampigia makofi.

Ilikuwa hivyo kila jioni. Wao walikimbia na manila yao, ikawavuta na kuwarudisha, mstari ukanyooka vizuri kuliko zamani, na hakuna aliyetumwa kwenda kusuka. Yeye alipiga kiti. Tumelala kitanda kimoja utotoni, na nilikuwa nikijua anachotaka kabla hajasema. Sasa nilikaa karibu naye nikakisia njaa, nikakisia baridi, nikakisia haja ndogo. Mwishowe aliacha kupiga, akawa anafumba macho mazoezi yanapoanza.

Tulikwenda Kaisho kwa gari la kukodi, yeye akiwa kiti cha mbele. Niliomba na vijana, wakafungua kamba, wakaingia.

Shambulizi la kwanza tu lilituonyesha. Beki wa kulia alibaki nyuma, na hakuna kitu kilichomvuta. Wa kati alitoka mbele, na hakuna kitu kilichomrudisha. Kila mmoja alikuwa kama anayesubiri kuguswa kiunoni. Wenyeji walipita katikati yao wakafunga, na baada ya muda wakafunga tena. Mashabiki walikuwa wakijifurahisha.

"Karagwe, mlango mmeusahau nyumbani?"

"Wasamehe, wamekuja kutembea."

Niliona kwamba mstari umevunjika. Kuuona niliuona. Lakini sikujua niwaambie nini, na hata ningejua, si kazi ninayoiweza. Nilisimama na Biblia kwapani. Mdogo wangu hakupiga kiti siku ile. Alitazama miguu yake.

Mechi ilipokwisha, mkuu wa chuo aliinama dirishani mwa gari, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Sasa upumzike, Mwalimu. Umetufanyia mengi." Kisha akaniambia, "Nisamehe, mzee." Nilimwambia Mungu ambariki, na nilimaanisha.

Siku chache baadaye shemeji alikuwa uani akimenya ndizi. Maharage yalikuwa yameletwa kutoka shamba lao la kule Rugera, yamefungwa kwa kamba ya mgomba. Mdogo wangu alinyoosha mkono wa kushoto, akaichomoa ile kamba, akashika ncha moja kwa meno. Alinitazama. Akavuta mpaka ikakatika.

"Ba," alisema.

Akaokota kipande, akakikata tena. Shemeji aliacha kumenya. Nami nikakaa chini palepale juu ya maganda, kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Kamba ilitakiwa kukatika. Inayokatika inamlazimu kila beki amwangalie mwenzake. Ile ya buluu iliwaangalia kwa niaba yao.

Nilimpigia simu mkuu wa chuo. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nimekuelewa, mzee," alisema. "Lakini hata tukirudisha hizo za mgomba, nani atajua wakati wa kuwapandisha na wakati wa kuwashusha? Yeye ndiye aliyejua." Kocha mwingine alikuwa ameshaanza kazi.

Muuguzi alisema atembezwe kila siku. Fimbo hataki, na ukimshika mkono anautoa. Basi nilisuka kamba ya mgomba, nikajifunga kiunoni, nikamfunga na yeye, tukaanza kuzunguka polepole shambani nyuma ya nyumba. Sijui kama mguu ule utapona, wala kama maneno yatarudi. Namwachia Mungu, ambaye amenipa kila asubuhi kumkuta mdogo wangu anapumua.

Kamba inakatika mara kwa mara, na mara nyingi ni mimi niliyetangulia. Ikikatika anasimama. Hakubali niunganishe vile vipande. Anainua mkono wa kushoto na kunionyesha mgomba, mimi kaka yake, nami nakwenda kusuka nyingine. Yeye ananisubiri amesimama.