Nyongeza ya Gulio la Mbuba

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Biharamulo, nilikabidhiwa mizani ya kuning'iniza, sanduku la mawe yake, muhuri wa chuma wa kugongea vipimo vilivyo sahihi, na kijiti kilichonyooka. Nikadhani kijiti ni cha kuchapia wakorofi. Mkuu wetu wa Vipimo, mtu mrefu asiyecheka ovyo, akakichukua na kukipitisha juu ya kibaba kilichojaa maharagwe. Yaliyozidi yakaanguka.

"Hii ndiyo kazi yako," akasema. "Kilicho chini ya kijiti ni haki ya mnunuzi. Kilicho juu ni cha muuzaji. Usichanganye."

Nasikia siku hizi watu hupanda ndege kwenda kutazama masoko ya nchi za watu. Mimi niliyazunguka magulio kwa baiskeli, tena kwa mshahara. Gulio, kwa ninyi mliozaliwa na maduka, ni soko la siku moja katika juma: asubuhi uwanja mtupu, mchana huna pa kukanyaga, jioni mbuzi wanaokota maganda. Kila moja lilikuwa na tabia yake. Biharamulo walibishana kwa kelele. Murukulazo walibishana kwa kunyamaza, mpaka wewe mnunuzi unachoka na kupandisha bei mwenyewe. Watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa nikapelekwa Ngara, na huko Mbuba ndiko nilikokutana na nyongeza.

Muuzaji akishasawazisha kibaba, aliongeza konzi moja, ujazo wa kiganja, bila kuombwa. Kuikataa ilikuwa kumtukana. Mimi nilikagua kibaba tu, nikaiacha konzi ipite.

Vita vya Kagera vikaja. Malori yakaenda mpakani, chumvi ikaadimika. Ilipopatikana kidogo, kina mama wa Mbuba hawakubeba nyongeza zao za chumvi nyumbani. Walizimwaga kwenye jani la mgomba mbele ya Bibi Anastazia, mjane aliyeuza maharagwe, ili wapewe waliochelewa, pamoja na familia zilizokimbia kutoka Burundi ambazo hazikuwa na cha kununulia. Nilipenda sana kulitazama jani lile.

Habari zikamfikia Mkuu wetu yule yule, akaja na Landrova.

"Bei ya serikali ni ya kibaba kilichosawazishwa," akatangaza. "Kinachozidi kinavuruga bei. Nyongeza ikome leo, ama nalifunga gulio hili."

Nikamwambia, "Mzee, likifungwa, hawa wanaosubiri jani watakwenda wapi?"

"Hilo si swali la vipimo."

Nilimchukia siku ile, sifichi. Nyuma ya jani walikuwa wameketi akina mama na watoto mgongoni, wakimtazama.

Lakini naye alikuwa na familia, na maharagwe ya Mbuba yalisifika. Kabla ya kuondoka akamwomba Bibi Anastazia ampimie. Mama akajaza kibaba, akasawazisha vizuri kuliko mimi, akamimina kikapuni. Halafu mkono wake, kwa mazoea ya miaka yote, ukachota konzi moja na kuitupia juu. Akashtuka, akajiziba mdomo.

Watu wakasogea karibu.

"Mama, hiyo ya nini?" Mkuu akauliza.

"Nisamehe, Ndugu Mkuu. Mkono umezoea." Akamsogezea kikapu. "Ni ya watoto wako."

Mkuu alikiangalia kikapu. Konzi ilikwisha kuchanganyika na mengine, na watu walikuwa wanangoja waone kama ataikataa. Akakiinua, akakikumbatia kifuani.

"Nimepokea, Mama. Watoto watashukuru."

Alipokwisha kuingia garini aliniita dirishani. "Wewe kagua vibaba," akasema kwa sauti ya chini. "Mkono wa mtu hatuugongi muhuri." Gulio halikufungwa, na jani likaendelea kutandikwa mpaka vita vikaisha.

Sasa nimestaafu. Chumvi inakuja kwenye paketi, mizani inaonyesha namba yenyewe. Sina ugomvi na usahihi, ndio ulionilisha. Juzi nilikwenda Mbuba kununua maharagwe. Binti muuzaji akaniamkia shikamoo, nikaitika marahaba. Akajaza kibaba, akasawazisha sawasawa, akanimiminia, akakiweka chini.

"Tayari, Mzee," akasema.

"Ee, tayari," nikajibu, lakini mfuko sikuufunga.