Nilivyosimama na Kiti cha Waya Mbele ya Papa Solange

Mimi ni mtu wa aibu, na mkasa huu ninauandika polepole kwa sababu kila nikifika katikati nacheka na kufunika uso (niko peke yangu chumbani, lakini nafunika tu).

Jumapili moja baada ya ibada nilikwenda kwa akina Solange, msichana ninayempenda, hapa Fort Worth, Marekani, ili baba yake anione na aseme kama nitaruhusiwa kuleta wazee wangu kumposa. Papa Solange ni fundi katika karakana ya samani za zamani, zile za miaka ya hamsini, na sebule yake imejaa viti vya mabomba yaliyopindwa na taa za bati lenye matundu. Wageni walikuwa wamejaza makochi, nami nikachagua kiti cha waya karibu na mlango, nisionekane sana.

"Hicho ni chuma cha kiwandani tu," aliniambia kwa fahari, "lakini ona kilivyo chepesi."

"Ndiyo, Papa," nikaitikia, nikajisogeza kwa heshima, na ile ndoano ya springi ninayotundikia funguo kiunoni ikanasa kwenye waya nyuma yangu. Nilivuta kimyakimya, haikutoka.

Mara Mama Solange akaita watu mezani, fufu, sombe ya majani ya muhogo na samaki, na mimi (sikuwa nimekula tangu asubuhi), badala ya kusema nimenasa, nikasema, "Asante, Mama, leo nimefunga."

Papa Solange alifurahi mno. "Mnaona kijana anayefunga. Simama basi, utuombee chakula."

Wote wakafumba macho, nikasimama, na kiti kikasimama nami. Nikaomba haraka haraka, lakini nilipoinama kusema amina miguu ya kiti ikainuka ikagonga taa iliyoning'inia, ikalia kama kengele ya shule na kuanza kubembea, ikimwaga madoadoa ya mwanga juu ya vipara vya wazee.

"Jamani," Mama Solange akasema, "huyu si alikuja kutaka binti, mbona anabeba kiti?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Papa Solange hakucheka. Alipiga magoti nyuma yangu, akakagua waya kwanza, halafu akaifungua ndoano.

"Kiti ni kizima. Na huo mfungo?"

"Hakuna mfungo, Papa. Niliona haya kusema nimenasa."

"Na njaa?"

"Iko nyingi, Papa."

Akanitazama, mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Kula kwanza. Jumamosi ulete wazee wako, nao waje na njaa yao."

Nilikula sahani tatu. Siku hizi nikinasa nasema nimenasa, mapema, kabla watu hawajafumba macho.