Rede Mbele ya Dirisha la Jirani

Nilipokuwa darasa la tano, barabara yetu ya Mtendeni ilikuwa bado ya mchanga, na sisi wasichana tulicheza rede pale kila tulipotoka shule. Wawili wanarushiana mpira wa matambara, wa katikati anaukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Chupa ikijaa kabla hajapigwa, ameshinda. Tulichogombania ni kimoja tu: mpira umegusa gauni au haukugusa.

Jirani yetu, mama mmoja wa Kiarabu, alifiwa na mumewe aliyekuwa na duka la vitambaa. Akakaa eda, na kwa zaidi ya miezi minne hatukumwona nje. Siku moja tukiwa katikati ya mabishano, sauti yake ikatoka dirishani.

"Umemgusa kwenye pindo. Atoke."

Niliyeguswa nilikuwa mimi, na alisema kweli. Nikatoka.

Tangu hapo yeye ndiye aliyeamua ugomvi wetu. Miezi hiyo tulimjua kwa sauti tu, na sidhani kama hata mmoja wetu alifikiri kwamba ana majonzi. Kwetu alikuwa mtu mwenye macho makali na muda wa kutosha.

Eda ilipokwisha akatokea mlangoni, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka. Tukamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akaniuliza, "Nikiingia, mtanirushia polepole?"

"Hapana, mama."

"Vizuri."

Akavua viatu, akalikaza buibui kiunoni. Kuinama kulimpa taabu, lakini kukwepa alijua. Chupa ilikuwa imefika nusu shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, alipopita, akasimama.

"Shemeji, watu wanatazama. Ingia ndani."

"Naijaza kwanza hii," akajibu bila kugeuka.

Mpira nilikuwa nao mimi. Niliona nikirusha kwa kumhurumia atajua, nikarusha kwa nguvu zangu zote. Ukampita karibu na sikio. Yule bwana akaenda zake. Chupa ilipojaa, mama yule aliketi palepale mchangani akalia.

Baadaye alihamia Usinge kwa mwanawe. Mwaka jana nilikwenda kumsalimu, nikamuuliza kwa nini alilia siku ile.

"Nilikuwa nimechoka," akasema. "Halafu nilikuwa nimeshinda, na nyumbani hakukuwa na mtu wa kumwambia."