Nusu ya Maji ya Ndiva

Jambo lile lilitugharimu beberu mmoja, maji ya kiangazi kizima na tangawizi ya mama. Nimehesabu mara mbili, beberu hakuongezeka.

Mgeni alikuwa mwanasiasa kutoka Ufaransa. Mimi ni dalali wa tangawizi, na Kifaransa changu ni cha kubishania bei na watalii wa msitu wa Shengena, lakini ndicho kilichokuwapo, basi nikampandisha mlimani hadi kijijini kwetu Mamba kutoka mjini Same. Njiani akanisimulia kazi yake. Alianza na chama cha kushoto. Kiliposhindwa akahamia cha kulia. Nacho kilipoyumba akaanzisha chake, cha katikati, na serikali mbili zilizopingana zikampa uwaziri, kila moja kwa zamu yake. Alisimulia kwa fahari. Mimi nilisikia habari za abiria anayeshuka kila gari linapopata pancha.

Kijijini kulikuwa na ugomvi. Ndiva, bwawa letu la maji ya kumwagilia, ilikuwa inajaa kwa shida, na watu wa mfereji wa juu na wa chini kila mmoja alidai zamu ni yake. Shamba la mama liko chini. Kwetu wazee wakishindwa kuamua, huombwa mgeni asiye na shamba. Akishakula mbuzi, neno lake haliguswi mpaka mvua zinyeshe.

Akala. Akala vizuri. Kisha akasimama ukingoni, mimi nikitafsiri.

"Watu wa juu wana haki," akasema. Wanawake wa juu wakapiga vigelegele. "Na watu wa chini wana haki."

"Mwanangu," mzee mmoja akaniuliza, "huyu amemaliza au anapumua?"

Nikamnong'oneza mgeni: chagua upande mmoja, wowote, mwingine utangoja. Akatabasamu.

"Fungueni mifereji yote miwili. Nusu kwa nusu."

Mtoto yeyote wa Upareni anajua kwamba maji ya ndiva huachiwa yote kwenye mfereji mmoja, yaende kwa nguvu. Ukiyagawa, udongo huyanywa njiani. Ukayanywa. Lakini mbuzi alishaliwa, na neno likashikwa. Juu wakakosa, chini wakakosa. Mama akang'oa tangawizi nyembamba kama vidole vya kuku.

Mimi nami naishi katikati, kati ya mkulima na mnunuzi, na wote wawili hunitukana. Lakini jioni ikifika nataja bei. Dalali asiyetaja bei ni mpita njia aliyelishwa.

Juzi ameniandikia kwenye simu. Anagombea tena, na anaomba ruhusa ya kutumia picha yake pale ndiva, amewashika mikono wazee wa pande zote mbili: mpatanishi. Nikamsomea mama.

"Mwambie alete mbuzi kwanza."

"Mama, huyu atatuma nusu."

"Ya mbele au ya nyuma?"

Basi ninyi mnaojua kudai, nishaurini: nimdai vipi mbuzi mtu ambaye atakubali mara moja kwamba nina haki, na kwamba yeye naye ana haki?