Fundi Magodoro Aliyesema Hapana

Karakana ya mjomba wangu ilikuwa na usingizi wake. Sufi ya magodoro ilielea hewani mchana kutwa, ikitua kwenye kope, kwenye cherehani, hata kwenye chai. Mteja aliyejinyoosha kujaribu godoro mara nyingi ilibidi atikiswe bega ili aende kwao.

Mjini walimwita mjomba Hapana. Alikuwa mwalimu, mpaka chama kilipoitisha mkutano wa kumpa kiongozi wa nchi madaraka ya maisha. Ukumbi mzima ukasema ndiyo. Yeye akasimama: "Hapana. Nchi ikikatazwa kulalamika, siku ikiugua nani atajua?" Papo hapo watu wakanyoosha mikono afukuzwe. Ndivyo alivyoacha chaki akashika sindano.

Mama yangu, dada yake mkubwa, hakukanyaga tena kwake. "Mdomo uliponza kichwa," alisema, basi. Nimekua nikijua amemkasirikia. Mimi nilikwenda kwa kujiiba, nikajilaza juu ya magunia ya sufi, nikasinzia huku mjomba akishona na kuwaza kwa sauti. Kila mara aliniuliza bila kuinua macho, "Dada hajambo? Hajasema atakuja?"

"Hajasema, mjomba."

Miaka ikaenda. Yule wa maisha alituachia maduka matupu na magereza yaliyojaa. Mwishowe sheria ya madaraka ya maisha ikafutwa, na mkuu mpya akatamka redioni maneno ya mjomba, moja baada ya jingine, utadhani ameyaota mwenyewe. Jambo hilo linaniudhi hadi leo! Watu wakafurika karakanani.

"Mwalimu, sisi tulikuwa na wewe siku zote!"

"Basi mlijificha vizuri," akawajibu.

Walicheka. Yeye alikuwa akitazama mlango.

Jioni, walipokwisha kuondoka, mama akaja. Akasimama nje, mkoba kaukumbatia kifuani.

"Karibu ndani, dada."

"Nitaingiaje? Nilijua unasema kweli, mdogo wangu. Na siku ile nami nilinyoosha mkono."

Nikainuka kwenye magunia ya sufi. Kumbe haikuwa hasira. Ilikuwa aibu, miaka yote hiyo.

Mjomba akakata uzi kwa meno.

"Nilikuona," alisema. "Mkono mmoja juu, mwingine umempakata huyu hapa. Ungefanyaje? Ingia bwana, miguu itakuuma."