Nilipokaa Upande wa Mke

Mimi si mtu wa kuamini upesi, na sioni haya kusema hivyo. Nikiambiwa mvua imenyesha, hutoka nje nikaushika udongo. Wapo wanaosema tabia hii imetokana na talaka niliyopewa nikiwa na miaka ishirini na miwili. Labda. Lakini sehemu kubwa niliipata uani kwa ami yangu, Temeke, enzi za Mwingereza, kwenye mikeka yake miwili.

Ami, mdogo wake marehemu baba yangu, alikuwa tarishi bomani. Miaka mingi alisimama mlangoni mwa chumba cha kesi akiita majina ya watu, na masikio yake yakawa yanashika wanavyosema: nani anashinda, nani anashindwa, na kwa nini mwenye haki mara nyingi hutoka mikono mitupu. Alipoiacha kazi ya serikali akawa mshenga. Mtu wa mtaani kwetu akitaka kuoa, ami ndiye aliyepeleka posa na kuzungumza na wazazi wa mwanamke. Lakini hakukubali kwenda popote na ndugu wa mposaji kabla hajawafanyisha mazoezi.

Mazoezi yenyewe yalikuwa hivi. Baada ya sala ya alasiri tulitandika mikeka uani, mmoja upande wa mume, mwingine upande wa mke. Ndugu wa mposaji walikaa ule wa kwanza, na ule wa pili ami alichagua watu wajifanye baba, mjomba na shangazi wa bibi arusi. "Ukishakaa mkeka ule huna ndugu," alituambia. "Waulizeni kama mnawachukia." Basi watu walibishana kwelikweli, mate yakawaruka. Likiharibika neno, ami alipiga kofi moja, wote kimya, akasahihisha. Wenzenu wakipandisha sauti, nyie shusheni. Msimsifu kijana wenu, mwacheni mwenyeji amsifu. Ukiulizwa jambo gumu omba maji ya kunywa. Maji hayakatazwi, na mpaka yaletwe umeshapata la kusema. Sheria yake kubwa ilikuwa kwamba hakuna swali linaloachwa bila majibu matatu. Lisipopata matatu, watu hawaondoki, hata kama magharibi imeadhiniwa.

Mkeka wa mke ulikuwa wangu mimi. Niliporudi na talaka yangu ami alinipokea, akanilisha, akanipa chumba, na siku ya kwanza aliyonisikia nikigombana na muuza samaki alisema, "Huyu ndiye shangazi niliyekuwa namtafuta." Nilicheza mashangazi wa kila namna. Nilikuwa nimeolewa kwa maneno matamu ambayo hakuna aliyeyachungulia ndani, kwa hiyo kuwahoji waposaji wa watu kuliniburudisha kuliko ngoma.

Kisha kaka yangu, tuliyezaliwa naye baba mmoja mama mmoja, akarudi kutoka Tanga. Alikuwa huko miaka sita katika shamba la mkonge. Alipata kazi bandarini, Kurasini, na haikupita miezi mitatu akamwambia ami anataka kuoa. Msichana mwenyewe nilimjua vizuri. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani, tukashirikiana juzuu moja, kabla wazazi wake hawajahamia Kinondoni. Nilifurahi kama mtu aliyeokota. Rafiki yangu awe wifi yangu, nini tena?

Kwao walikuwa na sharti moja, na kila mtu alilijua. Binti yao haingii kwenye ukewenza. Mama yake aliishi na wenzake wawili nyumba moja, akafa hajacheka, na mume wake mwenyewe ndiye aliyejuta kuliko wote. "Sheria ya Mungu inaruhusu," mzee yule alikuwa akisema, "lakini mie kwa huyu binti sina moyo huo. Mwenye mke, hata awe wapi, asinipigie hodi." Tena akataka mposaji aje mwenyewe amwone kwa macho, jambo lisilo la kawaida, kwa sababu mposaji hukaa kwao akingoja habari. Ndiyo maana safari hii kaka naye alikalishwa kwenye mkeka.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Niliwauliza ukoo, nikawauliza dini, nikawauliza kama kijana anakunywa tembo. Majibu matatu, majibu matatu. Nilipoona wamestarehe nikamkazia macho kaka na kuivuta sauti ya kishangazi.

"Baba, umekaa Tanga miaka sita. Huko ulikuwa ukipikiwa na nani?"

Watu wakaangua kicheko. Rafiki wa kaka, kuli mwenzake wa bandarini, alijipiga paja. Kaka hakucheka. Aliangalia vidole vya miguu yake. Nikamgeukia ami nikingoja apige kofi na kudai majibu yake matatu, na yeye pia hakuwa akicheka.

"Hilo liache," akasema. "Watu wenye adabu hawaulizi hivyo."

"Ami, si umesema tuulize kama tunawachukia?"

"Nimesema liache."

Machale yakanicheza. Mzee aliyewahi kutushikilia mpaka usiku kwa swali la nani atabeba sanduku la bibi arusi, leo anaruka swali zima! Kesho yake aliniambia nipumzike, rafiki wa kaka atakaa upande wa mke. Na mikeka haikutandikwa uani. Waliingia chumbani kwa ami, mlango ukafungwa.

Mimi nikachukua masufuria nikaenda kuyasugua chini ya dirisha. Sitajitetea. Mtu akinifungia mlango ambao jana ulikuwa wazi, ananialika dirishani.

"Huko Tanga ulikuwa ukipikiwa na nani?" ilikuwa sauti ya yule kuli.

"Nilikuwa najipikia mwenyewe," kaka akajibu.

Kofi la ami likalia. "Umejibu upesi mno. Mtu mkweli hakai na jibu mdomoni. Cheka kwanza, kidogo. Jikune shingo. Ndipo useme, tena useme kama unaona aibu. Rudia."

Wakarudia. Mara ya tatu ami alimwongezea ugali ulioungua. Mara ya tano au ya sita kuli mwenyewe alicheka na kusema, "Maskini, ndugu yangu," na mimi pale chini ya dirisha, mikono imejaa majivu, nilikaribia kumwonea huruma. Hapo ndipo nilipoogopa. Ami hakuwa akimfundisha kaka maneno. Alikuwa akimfundisha sura ya mtu mkweli.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Ningesema nini? Sikusikia mtu akitamka kwamba ana mke. Nilisikia tu kwamba anafundishwa, na kila mtu mtaani kwetu alifundishwa. Tena nilikuwa nakula kwa ami, na kaka ndiye aliyebaki wa tumbo moja nami. Nikakaa na jambo hilo siku nne, likanikosesha raha ya chakula. Mwishowe nikajiona mwerevu. Sitamsema kaka, nikaamua. Nitawapelekea wenyewe swali, na swali lifanye kazi yake. Njia ya mwongo ni fupi, nilijiambia, na nikaamini kwamba itaishia Kinondoni.

Tulikwenda siku ya Jumapili, wanaume sita na wanawake watatu. Ami ndiye aliyesema na mimi niwemo. Wanaume walikaa sebuleni, sisi wanawake tukaingizwa chumba cha pili, pazia katikati limefungwa nusu ili shangazi wa msichana aweze kusema na pande zote mbili. Alikuwa mama mnene, mchangamfu, na kwa bahati mbaya hakuwa na shaka hata chembe. Alimuuliza kaka dini, akamuuliza kazi. Baba mtu akauliza, "Una mke popote?" na kaka akajibu, "Sina, mzee wangu," na ikawa basi. Nilimwona mzee anaanza kulainika.

Nikajisogeza kwa shangazi, nikajifanya namsaidia kupanga vikombe. "Mama," nikamnong'oneza, "kaulize kidogo huko Tanga alikuwa akipikiwa na nani."

Alinitazama. Kisha akatabasamu, akadhani ni masihara ya wifi, akapaza sauti: "We kijana, hebu niambie. Huko Tanga miaka sita yote hiyo ulikuwa ukipikiwa na nani?"

Kaka akacheka, kidogo. Akajikuna shingo.

"Mama, nikwambie ukweli nitaaibika," akasema. "Nilikuwa najipikia mwenyewe. Leo ugali mbichi, kesho umeungua. Watu wa kambini walikuwa wakipita mlangoni kwangu wanaziba pua. Unadhani kilichonileta hapa ni nini?"

Nyumba nzima ilicheka. Hata yule mzee mwenye sharti lake alicheka mpaka akafuta macho. "Maskini mwana wa watu," alisema shangazi, na mambo yakaishia hapo. Posa ilikubaliwa kabla chai haijapoa.

Tulipokuwa tukirudi ami alitembea karibu nami. "Leo umenisaidia kuliko wote," akaniambia. Nikamuuliza kwa lipi. Akasema, "Kwa kuja tu, mwanangu," akaongeza mwendo. Mpaka leo sijui kama alisikia mnong'ono wangu, au kama alijua tangu mwanzo kwamba nitanong'ona na akanichukua kwa ajili hiyo. Nimeligeuza jambo hili miaka mingi. Kila nikiligeuza, ninamwogopa ami zaidi, na kujipenda kunapungua.

Arusi ilifanyika. Rafiki yangu akahamia Temeke, nyumba hiyo hiyo ya ami, chumba cha pili kutoka changu. Tulipika pamoja, tulisukana, na nilianza kujilaumu kwa kumdhania kaka vibaya. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane, mwezi wa Mfungo Mosi umeandama, aliposhuka mwanamke mmoja mlangoni na kikapu, na watoto wawili. Mkubwa alikuwa na paji la uso la marehemu baba yangu. Aliamkia vizuri, akasema ametoka Tanga, akamuulizia mumewe kwa jina.

Mchana huo rafiki yangu alinifuata uani. Nilikuwa nikichambua mchele. Hakuwa akilia, na mimi nilitaka alie.

"Shangazi aliniambia zamani," akaanza, "kwamba lile swali la Tanga ulimpa wewe."

"Mie," nikasema upesi. Nilidhani angalau hilo litanitetea. "Nilikuwa na wasiwasi, dada. Nilitaka wamuulize."

"Baba alikuwa bado hajakubali. Lile jibu ndilo lililomlainisha. Alilisimulia kwa watu hadi siku ya arusi." Alisimama mkono kiunoni, kama wasimamavyo wajawazito. "Mlipanga, sivyo? Wewe ulete swali, yeye alete jibu."

"Wallahi sikupanga."

"Basi niambie kitu kimoja tu. Alipoanza kucheka, kabla hajasema neno, ulikuwa unalijua jibu lake?"

Ami angenifundisha kuomba maji. Nilimtazama mwenzangu wa juzuu moja, na mara hiyo sikutaka kucheza.

"Nilikuwa nalijua," nikasema. "Lote."

Akatikisa kichwa taratibu, akafunga kanga yake vizuri, akaingia ndani kumtandikia mke mwenzake kitanda.